Vumbi ya mbao: ile isiyoonekana ndiyo inayoumiza



Karibu kila koperative iko na fundi wake wa mbao. Huyo ndiye anatengeneza meza za kuanika kahawa, mizinga ya nyuki, milango ya depo, viti vya ofisi na mabenchi ya shule. Mara nyingi fundi ni mwanamemba kama wengine: asubuhi iko shambani, na kisha saa sita anaingia kwa atelie yake. Na atelie yenyewe haiko mbali. Iko kwa baraza ya nyumba, ao ni chumba kimoja cha nyumba ile ile ambamo mama anapika na watoto wanalala.

Katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya magonjwa ya mihogo, bei ya kahawa na mbolea. Leo tunaongea juu ya vumbi ya mbao. Wengi watasema: «Vumbi ni vumbi, fundi wa mbao anaizoea.» Hapana. Kuna vumbi ambayo mwili haiizoee hata siku moja, na watoto wa fundi wanaivuta bila kushika msumeno.

Habari ya fundi mmoja

Katika koperative moja ya kahawa kwa milima ya Kivu, kuna fundi ambaye jina lake tunaliacha. Wakati koperative iliamua kuanika kahawa juu ya meza, si chini tena, yeye ndiye alipewa kazi. Kisha meza zikafuata mizinga ya nyuki, na kisha mizinga mabenchi. Kazi ilikuwa mingi, alifurahi. Alifunga dirisha za chumba kwa sababu ya mvua na wezi, akaweka mashine ya kusugua mbao, akaanza kufanya kazi mpaka usiku.

Kisha miezi kadhaa akaanza kukohoa. Alinunua siro kwa farmasi, akapona kidogo, kikohozi kikarudi. Watu wakaanza kusema chini chini kwamba ni kifua kikuu, hata wengine hawakutaka tena kukunywa naye kwa kikombe kimoja. Alienda kwa sentre ya afya, wakapima makohozi yake. Hakukuwa kifua kikuu.

Muganga akamuuliza swali moja tu: «Papa fundi, siku ya mungu unakohoaka?»

Fundi akafikiri. Alikumbuka kwamba alikuwa ameenda kilio kwa kijiji cha mbali, akakaa kule siku nane, na zile siku zote alilala vizuri. Kikohozi kilirudi siku ya pili ya kazi. Tena alikumbuka jambo lingine: binti yake mdogo, mwenye kulala katika chumba cha nyuma ya atelie, naye alikuwa na kifua chenye kupiga filimbi usiku. Waliwaza ni baridi ya mlima.

Haikuwa baridi. Ilikuwa vumbi ya kazi ya baba yake.

Vumbi ziko mbili

Ukikata mbao kwa msumeno, unaona unga unaanguka chini. Ukipiga rabo, unaona maranda, yale mapande membamba yenye kujikunja. Hiyo yote ni vumbi kubwa. Inachafua, inaingia machoni, inakufanya upige chafya. Lakini inaanguka chini upesi, na ile yenye kuingia puani inakamatwa na nywele na kamasi. Ukipenga, inatoka.

Vumbi ya pili ni ndogo sana. Chukua milimita moja kwa kipimo cha fundi, uigawanye mara 100. Vumbi ndogo kuliko kipande kimoja cha hivyo 100 inaweza kupita pua, kupita koo, na kuingia mpaka ndani ya mapafu. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kuliko hiyo. Ndiyo sababu hauwezi kuiona kwa macho moja moja. Na kwa sababu ni nyepesi, haianguki upesi. Katika chumba chenye kufungwa inaweza kubaki hewani kwa saa nyingi. Fundi anazima mashine saa kumi na moja, anafagia, anaona chumba ni safi. Saa mbili ya usiku watoto wanalala, na vumbi ingali inashuka polepole juu yao, juu ya mablanketi, juu ya sahani, juu ya mufuko wa mahindi ulio kwa kona.

Ni kazi gani inayoleta vumbi ndogo zaidi? Si rabo. Ni msasa, na zaidi sana mashine ya kusugua. Msumeno wa mashine pia unatoa mingi. Na kufagia kwa ufagio mkavu kunairudisha hewani ile iliyokwisha kushuka.

Inafanya nini ndani ya mwili

Mbao haiko kitu kitupu. Mti unajilinda na wadudu kwa dawa zake wenyewe, zenye kukaa ndani ya mbao. Kwa hiyo mti wenye mchwa hawapendi, mara nyingi ni mti ambao vumbi yake ni kali pia kwa mtu. Muvula ni mfano unaojulikana sana: mafundi wengi wanajua kwamba inawasha ngozi, inavimbisha macho, na inafunga kifua. Lakini msidanganyike kwamba mbao za kupandwa, kama grevillea, sipre ao eukaliptus, ni salama. Vumbi ndogo ya mti wowote ni mbaya kwa mapafu.

Mambo ambayo vumbi inaleta ni haya:

Kwanza, kuwasha: macho mekundu, pua yenye kuziba ao kutoka damu, koo kavu, ngozi yenye vipele kwa mikono na kwa shingo.

Pili, asima. Hii inaweza kuja kisha miezi, hata kisha miaka ya kazi bila shida. Mwili unachoka, unaanza kuikataa ile vumbi. Na ikifika hapo, hata kidogo tu inatosha kufunga kifua. Kwa hiyo mtu asiseme: «Nimefanya kazi hii miaka kumi, haikunifanya kitu.»

Tatu, kansere ya ndani ya pua. Kule Uingereza, katika miaka ya 1960, waganga waliona kwamba watengenezaji wa viti na makabati wa eneo la High Wycombe walikuwa wanapata kansere hiyo kuliko watu wengine. Mwaka 1995, CIRC, shirika la OMS lenye kuchunguza kansere, liliweka vumbi ya mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vyenye kujulikana kwa hakika kwamba vinaleta kansere kwa mtu. Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Kansere hiyo ni ya nadra, na inakuja kisha miaka mingi ya kuvuta vumbi nyingi. Lakini inatuonyesha kwamba vumbi ya mbao si mchezo.

Alama za kuangalia

Ulizeni maulizo kama yale ya muganga:

Kikohozi ao kifua kufunga kunapunguka siku ya mungu, ao ukiwa safarini, na kunarudi ukirudi kazini? Basi vumbi inashitakiwa.

Kunazidi usiku kisha siku ya kupiga msasa? Asima ya kazi inaweza kukawia saa kadhaa mbele ya kukamata mtu.

Mtoto ao mama wa nyumba anakohoa pia siku za kazi kubwa?

Lakini kumbukeni: mtu mwenye kukohoa majuma mawili ao zaidi anapashwa kwenda kupimwa kifua kikuu, hata kama anafanya kazi ya mbao. Matibabu ya kifua kikuu ni ya bure katika inchi yetu. Asikae nyumbani akisema «ni vumbi tu». Na mtu mwenye pua kuziba upande mmoja kwa muda mrefu, ao kutoka damu mara kwa mara, aende kwa muganga na amwambie wazi: «Mimi ni fundi wa mbao.» Bila kusema kazi yako, muganga hawezi kujua atafute nini.

Jipime mwenyewe jioni

Kuna njia rahisi ya kuona vumbi isiyoonekana. Kisha kazi, ngojea giza liingie. Ingia kwa atelie bila taa, uwashe toshi yenye mwanga wa nguvu, uielekeze katikati ya chumba, na uangalie mwanga wake kutoka kando. Utaona vidude vidogo vinacheza ndani ya mwanga kama mbu. Kisha fanya vile vile kwa chumba cha watoto. Fundi wetu alifanya hivyo pamoja na bibi yake. Bibi yake aliangalia, akanyamaza, na kesho yake asubuhi akatoa kitanda cha mtoto akakipeleka kwa chumba cha mbele.

Mambo nane ya kufanya

Hakuna kati ya haya lenye kuomba feza nyingi. Tumeyapanga kufuatana na nguvu yake: la kwanza linasaidia kuliko la mwisho.

1. Piga msasa kidogo. Vumbi nzuri ni ile isiyotoka. Mzinga wa nyuki hauhitaji msasa ndani. Nyuki hawachukizwi na mbao yenye kukwaruza. Meza ya kahawa inaomba tu pasipo vibanzi vya kuchoma mikono ya mama wenye kuchagua kahawa. Kile kinachoomba kulainishwa, kama benchi ao mlango, kimalizie kwa rabo yenye kunolewa vizuri, kisha kwaruza kwa kipande cha chuma chembamba ao cha kioo chenye kufungwa kitambaa upande wa mkono. Hivyo vinatoa maranda, havitoi moshi wa vumbi. Msasa uje mwisho, mara moja ao mbili tu.

2. Toa kazi ya msasa nje ya nyumba. Kama hauna feza ya kujenga, weka paa la majani ao la bashe juu ya nguzo nne, bila kuta, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda mbali, si upande wenye kuingia. Iwe mbali na jiko, na kisima, na kamba ya kuanikia nguo.

3. Simama vizuri. Usisimame ukiangalia upepo, vumbi itakurudilia usoni. Usiupe mgongo pia, kwa sababu hewa inazunguka mbele ya kifua na kuleta vumbi juu. Simama upepo ukupitie ubavuni.

4. Kama mvua inakulazimisha kufanya kazi ndani, fungua dirisha na mlango vyenye kuelekeana. Ukiwa na feni, usiielekeze usoni mwako. Iweke kwa dirisha, isukume hewa kwenda nje. Na kama mashine yako ya kusugua ina mfuko wake, usiutoe. Lakini ujue kwamba mfuko wa kitambaa unakamata vumbi kubwa tu, ile ndogo inapita.

5. Usifagie kavu, usipulize. Nyunyiza maji kidogo chini, ungojee, kisha ukusanye. Meza na madirisha uyapanguse kwa kitambaa chenye maji. Wengine wanapuliza vumbi kwa mdomo ao kwa kompresere ili kazi iende mbio: hiyo ni kurudisha hewani vumbi ya siku nzima kwa dakika moja.

6. Vaa maske ya kweli. Kitambaa chenye kufungwa puani kinazuia vumbi kubwa tu. Ile maske ya buluu ya hospitali ina nafasi kando ya mashavu, vumbi inapitia hapo. Tafuta yenye maandishi FFP2 ao N95. FFP2 inazuia angalau vumbi 94 kwa 100, kama imekamata uso vizuri. Kaza chuma cha puani, tumia kamba zote mbili. Ndevu zinaacha njia, kwa hiyo unyoe. Maske hiyo haifuliwi. Ikilowana, ikipasuka, ao ikiwa nzito kupumua, utupe. Usiku uiweke ndani ya mfuko safi, usiitundike katikati ya vumbi. Maske imewekwa hapa namba sita kwa sababu inalinda mtu mmoja tu. Haimlindi mtoto.

7. Acha vumbi kazini. Kuwa na shati ya kazi, uivue na kuikung'uta nje mbele ya kuingia nyumbani. Nawa mikono na uso mbele ya kula na mbele ya kubeba mtoto. Ile shati isifuliwe pamoja na nguo za watoto.

8. Angalia moto. Vumbi kavu yenye kuruka hewani inaweza kushika moto kwa ghafula. Hapana sigara, hapana mbabula ndani ya atelie. Kataza watoto mchezo wa kumwaga vumbi juu ya makaa ili iwake: wengi wanaungua nyusi na uso. Na vitambaa vyenye mafuta ya lini ya kupaka mbao visikunjwe kwa kona, vinaweza kupata moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, ao uvizamishe ndani ya maji.

Neno moja tena juu ya mbao za zamani. Mbao yenye kupakwa mafuta ya vidange, dawa ya mchwa ao rangi ya zamani, na nguzo zenye kutiwa dawa kiwandani, vumbi yake inabeba sumu ile. Usizipige msasa, na usizipikie chakula.

Vumbi inaweza kurudi shambani

Sisi ni wakulima, hatutupi kitu ovyo. Maranda makavu ni matandiko mazuri ya kuku. Lakini unga mwembamba usiwape kuku: wanakuna nao, unaruka, na mapafu yao ni madogo kuliko ya kwetu. Tena wanaweza kuula.

Unga huo upeleke kwa kompositi. Usiumwage mbichi ndani ya shamba. Ukichanganya unga wa mbao na udongo, vijidudu vyenye kuuozesha vinakula azoti yote ya udongo, na mahindi ao mboga zinakuwa njano. Uuloweshe kwanza, uchanganye basini moja ya unga na tatu za samadi ya mbuzi, ngombe ao kuku, uuache miezi mingi mpaka uwe mweusi na usijulikane tena kama ni mbao. Juu ya udongo, kati ya migomba ao mikahawa, maranda yanaweza kuwekwa kama matandazo. Yanakinga udongo na jua. Hayo yote ni kwa mbao safi. Vumbi ya mbao yenye dawa, ya triplex ao yenye gundi isiingie wala kwa kuku wala shambani.

Ni kazi ya koperative, haiko ya fundi peke yake

Tunamaliza pale tulipoanza. Yule fundi alipomaliza kuelewa, aliogopa kuongea mbele ya koperative. Aliwaza watampa kazi fundi mwingine. Ni mama mmoja wa kamati ndiye aliinuka kwa mkutano mkubwa akasema: «Meza ni zetu sote, kahawa ni yetu sote. Na ile vumbi, juu ya nini ibaki kwa nyumba yake tu?»

Walikubaliana mambo matatu. Koperative ilitoa bashe na nguzo, wanamemba wakajenga paa la kazi pembeni ya depo kwa siku mbili za salongo. Bei ya maske ikaingizwa ndani ya bei ya kila kazi, kama misumari. Na mizinga ikaanza kupokelewa bila kupigwa msasa.

Kikohozi cha fundi kilipunguka sana, lakini hakikuisha kabisa. Akisogelea mbao ya muvula kifua kinafunga, kwa hiyo ile kazi ameiacha. Mapafu yenye kuumia hayarudi yote. Mtoto wake yeye analala vizuri sasa. Alitolewa mapema.

Maulizo ya kuzungumuza kwa mkutano wenu unaokuja:

Fundi wetu anafanyia kazi wapi, na ni nani analala karibu na pale?

Ni vitu gani tunamwomba alainishe, na kumbe havihitaji?

Ndani ya bei tunayomlipa, maske na mahali pa kazi viko ndani, ao tunahesabu misumari tu?

Mmoja wenu amsomee fundi gazeti hili, na mwingine amsomee mama wa nyumba yake. Jioni ile ile wawashe toshi.